Nikimwingiza mtu, namsaidia au najisaidia?

MUULIZE MJOMBA: safu ya fedha na kazi

Barua za biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa na kulipwa kwa kuingiza wengine chini yako, zimekuwa nyingi kiasi kwamba mwezi huu nimeweka kando za mikopo na za pensheni. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu huyu haulizi kama ataliwa. Anauliza kama yeye ndiye anayekula.

Shikamoo Mjomba. Nimo kwenye biashara ya mtandao mwaka wa tatu sasa, bidhaa zetu ni za afya na urembo. Nilianza na watu wawili, leo timu yangu ina watu 64. Mwezi uliopita nilipanda daraja, nikavalishwa beji jukwaani na kupigiwa makofi. Sikuandikii kulalamika, nalipwa, ingawa si kila mwezi. Kinachonisumbua ni mdogo wangu. Nilimwambia kazi yangu ni kusaidia watu wabadilishe maisha, akaniuliza, "Wangapi?" Nikaanza kumtajia, nikakwama kwa wa tatu. Tangu siku hiyo sina raha. Aplaini wangu, yaani aliye juu yangu aliyeniingiza, anasema mdogo wangu ni mtu hasi, nimkwepe. Ananikumbusha kwamba hata wasiofanikiwa wamepata mafunzo, wamejiamini, wamejuana na watu. Wiki ijayo nina watu sita wa kuwasajili, wawili ni ndugu zangu wa damu. Uliwahi kuandika kwamba ulipitia huko. Niambie ukweli: nikimwingiza mtu, namsaidia au najisaidia?
*Kiongozi wa timu, jina limehifadhiwa*

Marahaba. Huyo mdogo wako akitaka kazi, kalamu ya safu hii ninampa. Swali lake la neno moja limefanya kazi ambayo mimi ilinichukua miezi 14.

Ndiyo, nilipitia huko. Na aibu yangu ni kubwa kuliko ya wengine, maana nilikuwa karani wa hesabu. Mtu aliyekuwa akilipwa kutafuta senti iliyopotea kwenye vitabu vya wenzake, alikaa miezi 14 bila kujua kama anapata au anakosa. Nilijua pointi zangu, yaani alama tunazopewa kwa manunuzi ya timu. Nilijua mguu wangu wa kulia, yaani upande mmoja wa timu iliyo chini yangu, una watu wangapi na wa kushoto umepungukiwa nini. Nilijua daraja linalofuata linaitwaje na linavaa beji ya rangi gani. Faida yangu sikuijua, na hakuna kikao hata kimoja nilichowahi kuulizwa.

Nikuambie ilivyoanza, uone kama unajikuta humo. Nilipewa karatasi yenye mistari 100, niandike majina ya watu ninaowafahamu. "Usimhukumu mtu," aplaini wangu akasema, "usimwamulie kwamba hawezi." Majina 20 ya mwanzo yaliteleza. Kufika 40 nikawa naandika watu ambao sijui majina yao ya pili. Kwenye 60 na kitu nikaandika mtu niliyekuwa na deni lake, kisha mtu niliyekosana naye, nikajiambia huenda fursa ikatupatanisha. Namba 71 ilikuwa ya mwalimu wangu wa zamani. Kalamu ilisita hapo, na mpaka leo nasikitika kwamba ilisita tu, haikusimama.

Tazama kilichotokea kwenye karatasi ile. Hakuna aliyeniuliza ni nani katika hao 100 ana ngozi yenye matatizo, nani anahitaji hivyo vidonge, nani alishawahi kutafuta bidhaa kama yetu. Muuzaji wa kweli huanzia hapo, kwa mwenye haja. Sisi tulianzia kwa mwenye imani nasi. Kilichokuwa kinauzwa ni ule uaminifu wa watu 100 kwangu. Chupa ilikuwa kisingizio cha kupokelea pesa.

Waliokubali walikuwa 23. Mmoja wao tulikuwa tunakaa meza jirani ofisini. Alijiunga kwa sababu yangu, wala hakuficha: "Wewe mtu wa hesabu ukiingia, mimi nakagua nini?" Alinunua paketi kubwa ya kujiungia, maana niliambiwa nimweleze kwamba paketi ndogo ni ya watu wasiojiamini. Miezi ikapita. Siku moja nikaenda kwake kumtia moyo, ndivyo tulivyokuwa tunaita, na nilikuwa na daftari la malengo mkononi. Nikamkuta jikoni anaosha vyombo. Kwenye karai kulikuwa na povu lenye harufu niliyoifahamu. Alikuwa anasugua masufuria kwa sabuni yetu ya uso, ile ya bei, kwa sababu tarehe yake ilikuwa inakaribia kuisha na hakuna wa kumuuzia. Chini ya kitanda yalikuwapo maboksi mengine matano, utepe haujakatwa.

Akafuta mikono, akaniangalia, akasema, "Nisamehe. Nimekuangusha."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Yeye aliyetoa pesa, mimi niliyepokea kamisheni, na yeye ndiye aliyejiona mkosaji! Kwa nini? Kwa sababu kila wiki tulimfundisha kwamba mfumo haukosei, anayekosea ni mtu: hakujituma, hakuhudhuria, alisikiliza watu hasi, aliacha mapema. Haya ndiyo "mafunzo" ambayo aplaini wako anayahesabu kama msaada. Kujiamini nakubali kulikuwapo, nami nilijifunza kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Lakini pima pande zote mbili. Aliyeingia akijiamini kidogo na akatoka akiamini kwamba yeye ni mvivu na muoga, umempa nini?

Basi usiku ule nikafanya kile nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Nikachukua daftari tupu, nikapiga mistari mitatu. Safu ya kwanza, jina la kila aliye chini yangu. Ya pili, pesa yote aliyotoa: kujiunga, bidhaa, tiketi za semina, nauli, vocha za simu. Ya tatu, pesa yote aliyopokea, iwe ni mauzo au bonasi. Nilipiga simu 23. Nane hawakupokea tena simu zangu, na hilo nalo lina jibu ndani yake. Katika waliopokea, mmoja tu ndiye safu yake ya tatu ilizidi ya pili, kidogo. Alikuwa na saluni, wateja wake wanamfuata yeye.

Kisha nikaigeukia kamisheni yangu mwenyewe na kuifuata nyuma hadi chanzo chake, kama tunavyofuata hundi. Karibu yote ilikuwa imetoka kwenye manunuzi ya watu wale wale wa safu ya kwanza, na waliouziwa nje ya timu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hapo swali lako linajijibu, ndugu yangu. Kama ninachopokea kwa kumsaidia mtu kimetoka mfukoni mwake, na hakurudishiwa na mteja wa nje, basi sijamsaidia. Nimemtoza.

Mimi sikuwa tapeli, na wewe si tapeli. Mwisho wa mwezi wa tisa nilikuwa nimebakiza pointi chache kubaki kwenye daraja langu, saa imekaribia sita usiku. Nikaweka oda kwa akaunti za watu watatu wa chini yangu, kwa pesa yangu, ili hesabu itimie. Tapeli hafanyi hivyo, tapeli hajiibii. Mimi nilikuwa muumini. Ndiyo maana nilikuwa hatari zaidi, kwa sababu mtu akinitazama usoni aliona naamini.

Sasa turudi kwa watu wako 64. Aplaini wako atasema wale waliokwama wangejituma wangefika. Twende kwa umbo lenyewe, tuache tabia za watu. Chukua timu ambayo kila mtu ni hodari, hakuna mvivu hata mmoja, kila mmoja anaingiza watano. Juu yuko 1, chini yake 5, kisha 25, kisha 125, kisha 625. Jumla 781. Wasio na mtu chini yao ni wale 625, yaani watu 80 katika kila 100. Ongeza ngazi nyingine ya watu 3,125 uwaokoe wale wa chini: sasa jumla ni 3,906, na wasio na mtu chini ni 80 katika kila 100. Ongeza tena. Ni 80 tena. Ukimwokoa mmoja unazamisha watano, na hapo nimeshakupa timu ya malaika. Ngazi ya 14 kwa mtindo huo inahitaji zaidi ya watu bilioni 6, na ya 15 zaidi ya bilioni 30, wakati dunia nzima ina watu wapatao bilioni 8.

Utaniuliza, mbona basi makampuni haya yapo miaka nenda miaka rudi na hayajaishiwa watu? Nami niliuliza. Jibu ni kwamba ngazi za chini hazijai, zinavuja. Watu huingia, hutoa pesa, hukaa miezi kadhaa, hutoka kimya kimya kwa aibu, na nafasi zao hujazwa na wapya. Ukitaka kujua kampuni inaishi kwa nini, hesabu waliotoka. Wewe una 64 leo. Tangu uanze, wamepita wangapi? Hiyo namba hawakukupa jukwaani.

Tufike kwenye takwimu, maana zipo, na wengine huzitumia vibaya pande zote. Jon Taylor, Mmarekani aliyechambua mipango mingi ya malipo ya makampuni haya, alifikia hitimisho kwamba zaidi ya watu 99 katika 100 hupata hasara. Wapo wanaosema hesabu yake ni kali mno. Haya, tuchukue iliyo laini. Mwaka 2018 taasisi ya AARP Foundation, pia ya Marekani, iliwauliza watu wenyewe waliowahi kushiriki: asilimia 47 walisema walipoteza pesa, 27 walitoka sare, 25 walipata faida. Yaani hata kwa ushahidi wa washiriki wenyewe, na sote tunajua mtu asivyopenda kukiri kwamba alipigwa, robo tatu hawakupata kitu. Mwaka 2024 wataalamu wa Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, walipitia taarifa za mapato za makampuni 70, zile ambazo makampuni yenyewe huzitoa. Walikuta washiriki wengi hupokea dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na hiyo ni kabla ya kutoa gharama. Taarifa nyingi pia huwaacha nje wale ambao hawakulipwa chochote. Sisi makarani tuna jina la kitabu cha namna hiyo, lakini mhariri hataliruhusu.

Sheria nayo imeshahangaika sana na swali lako. Mwaka 1975, katika kesi ya kampuni ya vipodozi ya Koscot, FTC iliweka kipimo ambacho bado kinatumika: mpango ni piramidi, yaani haramu, pale mtu anapolipia haki ya kuuza bidhaa pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo yasiyohusiana na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho. Mwaka 1979 kampuni ya biashara ya mtandao ya Amway ilipona kwenye kipimo hicho, kwa sababu ilikuwa na masharti yake: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kuagiza tena, aonyeshe wateja kumi wa rejareja kwa mwezi, na bidhaa zisizouzika zirudishwe. Mwaka 2016 Herbalife ilikubaliana na FTC kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo wake wa malipo, ili zawadi zifuate mauzo yaliyothibitishwa. Mwaka uliofuata hundi zikatumwa kwa watu karibu 350,000. Mwaka 2019 AdvoCare ikalipa dola milioni 150 na kuachana kabisa na mtindo wa ngazi.

Sizitaji kesi hizi ili uione kampuni yako ina hatia. Nazitaja kwa sababu zote zinauliza jambo lile lile: nani ananunua? Masharti yale ya mwaka 1979 yanakufaa hata kama wewe hukai Marekani wala kampuni yako haimo kati ya hizo. Wapigie watu wako, mmoja mmoja, bila aplaini kusikiliza, umuulize kila mmoja: mwezi uliopita ulimuuzia nani ambaye hayumo kwenye mtandao wetu, naye akarudi kununua tena? Usikubali "shangazi yangu alinunua kuniunga mkono." Huyo alinunua udugu. Unamtafuta mtu ambaye angeinunua ile chupa hata kama muuzaji angekuwa mgeni kabisa.

Ukipata timu ambayo wengi wana wateja wa namna hiyo, una timu ya wauzaji, na mimi nitaandika hapa kwamba nilikosea juu yako. Nisingeweka dau, lakini nitaandika.

Kuhusu wale sita wa wiki ijayo: ahirisha. Sema tu kwamba kuna hesabu unazimalizia. Kama fursa ni ya kweli itakuwepo baada ya majuma matatu. Wale wawili wa damu, nakuomba, wasiwe wa kujaribia hata hesabu ikikuridhisha, mpaka wao wenyewe waione hiyo karatasi yako ya safu tatu, yenye hasara za wengine ndani yake. Msaada unaoogopa kuonyesha daftari lake, ni msaada wa namna gani huo?

Na kwa wale waliokwisha kupita, siwezi kukuambia ufanyeje. Kila mtu na dhamira yake. Mimi nilimrudishia jirani yangu wa meza ile kamisheni niliyoipata kwake, kwa awamu nne. Hakuwa ameiomba. Awamu ya kwanza alikataa kuipokea, akadhani ni mbinu mpya ya kumrudisha kwenye timu.

Mjomba, dada yangu mkubwa aliyenilea ameingia kwenye mtandao wa vidonge vya lishe na ananitaka nijiunge chini yake kabla ya mwisho wa mwezi. Kila siku ananitumia video za watu walioacha kazi. Nikimkatalia anasema sitaki afanikiwe. Nifanyeje nisivunje udugu?
*Mdogo mtu*

Mwisho wa mwezi ndio ufunguo hapo, mwanangu. Si ajabu dada yako amepungukiwa pointi na wewe ndiye pengo lililobaki. Kwa hiyo mwelewe kabla ya kumkasirikia: anasukumwa kutoka juu, naye anakusukuma wewe.

Usibishane naye kwa video, na usimtumie zako za watu waliolia. Amefundishwa jibu la kila hoja utakayotoa, jioni nzima mtakesha mkirushiana. Mwambie maneno mafupi, ana kwa ana, si kwa simu: "Dada, sijiungi. Siyo kwa sababu yako, ni biashara ya namna hii ndiyo siitaki. Ukiwa na shida ya pesa niambie tuone." Kisha nyamaza. Akirudia kesho, rudia maneno yale yale bila kuongeza sababu mpya, maana kila sababu unayoongeza ni mlango anaopewa wa kuingilia.

Ukitaka kumnunulia kopo moja kama zawadi ya malezi yake, nunua, na useme waziwazi kwamba ni mara moja na kwamba wewe ni mteja. Ila usikubali "jisajili tu upate punguzo." Usajili wa punguzo ndio mlango wa uani.

Jambo moja zaidi, na hili ndilo la muhimu kwangu. Usimcheke, na usiruhusu wengine nyumbani wamcheke. Watu wengi hubaki humo muda mrefu kuliko wanavyotaka kwa kuwa wakitoka hawana wa kumkimbilia. Waliobaki upande wa nje walishawaita wajinga. Siku dada yako atakapokaa kimya kuhusu vidonge, usiulize vimeishia wapi. Mkaribishe tu kama kawaida.

Mjomba umekuwa ukiiponda biashara ya mtandao kwa sababu ulishindwa. Hizo ni fikra za kimaskini. Hata ofisini kuna piramidi: bosi juu, mameneja katikati, vibarua chini. Kwa nini huipondi hiyo?
*Mpambanaji*

Kwamba nilishindwa ni kweli, sina kinyongo. Na mabosi nimewaponda sana humu, tafuta matoleo ya nyuma.

Lakini mfano wako tuutazame. Kibarua hanunui paketi ili apewe kazi, na akikuta inamlazimu kulipia kazi, tunajua jina lake ni nini. Mwisho wa mwezi yeye ndiye analipwa, hata kama ni kidogo. Bosi hapati mshahara kwa sababu kibarua amenunua bidhaa za kiwanda na kuziweka chini ya kitanda.

Halafu kuna jambo ambalo lilinishtua nilipoliwaza kwa mara ya kwanza, nalo ni idadi. Ofisi yenye kazi ya mameneja watatu haiajiri mameneja 300. Mwenye duka hamwendei jirani yake kumshawishi afungue duka lile lile, bidhaa zile zile, mlango wa pili, halafu amfundishe kumwita na jirani wa tatu. Anayetegemea wateja huogopa wauzaji kuzidi mtaani. Ukiona mfanyabiashara anafurahia kila anapopata mshindani mpya, jiulize ni nani mteja wake. Mimi nimeshajiuliza.

Fikra zangu kama ni za kimaskini au za kitajiri, karani hapimi hilo. Nitumie safu zako tatu za mwaka mzima, matumizi yote ndani, tiketi za semina zisisahauliwe. Nitazichapa hapa bila kubadilisha tarakimu, hata zikiniumbua.

Mjomba, nimeamua kutoka lakini nimebaki na maboksi saba. Aplaini anasema bidhaa hazirudishwi, niziuze taratibu. Ni kweli?
*Mchovu*

Usimuulize aplaini, soma mkataba. Aplaini ana sababu ya kukuambia hivyo: bidhaa ikirudishwa, kwa kawaida kamisheni aliyolipwa juu yake hukatwa.

Makampuni yaliyo kwenye vyama vya mauzo ya moja kwa moja yanafungwa na kanuni za shirikisho lao la dunia, WFDSA. Kanuni hizo zinataka msambazaji anayejitoa arudishiwe pesa ya bidhaa zinazoweza kuuzwa tena, alizonunua ndani ya miezi 12 iliyopita, likikatwa fungu la usumbufu lisilozidi asilimia 10. Angalia kama kampuni yako imo kwenye chama cha namna hiyo. Hata kama haimo, huenda mkataba wako una kifungu kinachofanana; tafuta maneno "kurejesha" na "kusitisha".

Acha kufungua maboksi kuanzia leo, hata kwa matumizi yako. Tenga yaliyofungwa na risiti zake, panga kwa tarehe ya ununuzi, ya zamani kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazokaribia kupitwa na miezi 12. Andika barua ya kujitoa moja kwa moja kwa kampuni, si kwa kundi la timu, utaje idadi na namba za risiti, na ubaki na nakala. Kama una oda ya kila mwezi inayojikata yenyewe kwenye akaunti yako, isimamishe kabla ya kutuma barua, na uthibitishe na benki kwamba imesimama. Maboksi yapige picha yakiwa yamefungwa, na risiti ya usafirishaji usiitupe mpaka pesa iingie.